Mume A, mke B, mtoto O: vimeng'enya vinavyoamua kundi lako la damu

Kuna swali linalorudi kila mara barazani na katika makundi ya WhatsApp, na mara nyingine huletwa na mtu mwenye wasiwasi mkubwa, ametoka kliniki na kadi mkononi. Mume ni kundi A, mke ni kundi B, mtoto aliyezaliwa ni kundi O. Mtoto huyu katoka wapi?

Wanaouliza kwa kutaka kujua hawana neno. Tatizo ni wale waliokwisha kujijibu. Nimewasikia wanaume wakitaja talaka kwa sababu ya herufi hii moja, na nimewasikia mama wakwe wakikagua makundi ya damu ya wajukuu kama mtu anayekagua noti bandia. Mke anayetuhumiwa hana la kujibu, maana hata yeye hajui herufi ile imetoka wapi. Anachojua ni kwamba hakufanya hilo analosingiziwa.

Jibu lenyewe ni fupi. Mume wa A na mke wa B wanaweza kabisa kupata mtoto wa O, na wala si jambo la ajabu. Lakini jibu fupi halimtulizi mwenye shaka. Kinachomtuliza ni kuelewa herufi hizi zinatoka wapi, ni nani anayeziandika juu ya chembe za damu, na vipi mzazi anaweza kubeba herufi ambayo haionekani kwenye kadi yake. Mimi si daktari. Haya ni mambo yaliyothibitishwa katika maabara miaka mingi iliyopita, na kila mwenye kadi ya kliniki ana haki ya kuyajua.

Herufi zilianzia Vienna

Mnamo 1900 na 1901, Karl Landsteiner, daktari aliyekuwa akifanya kazi mjini Vienna, Austria, alichukua damu yake na ya wenzake. Akatenganisha chembe nyekundu na yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiganda, kisha akachanganya chembe za huyu na maji ya yule. Mara nyingine mchanganyiko ulikaa shwari. Mara nyingine chembe zilishikana zikawa madonge. Alipopanga matokeo yake aliona watu wanaingia katika makundi matatu, akayaita A, B na C. Hilo la C ndilo baadaye likaitwa O. Kundi la nne, AB, lilitambuliwa 1902 na Alfred von Decastello na Adriano Sturli.

Kabla ya hapo, kumtia mgonjwa damu ya mtu mwingine ilikuwa bahati nasibu. Mmoja alipona, mwingine akafa, na hakuna aliyejua sababu. Kwa kazi hiyo Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na tarehe aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo leo huadhimishwa kuwa Siku ya Wachangiaji Damu Duniani.

Landsteiner aliyaona madonge, lakini hakujua ni kitu gani juu ya chembe kinachoyaleta. Ilichukua karibu nusu karne, na hasa kazi ya Walter Morgan na Winifred Watkins katika Taasisi ya Lister mjini London, kubainika kwamba tofauti kati ya A na B ni sukari.

Sukari moja kwenye ncha

Si sukari ya chai. Ukuta wa nje wa kila chembe nyekundu ya damu umeota nyuzi fupi fupi zilizoundwa kwa sukari za aina mbalimbali, zimeshikana moja baada ya nyingine. Fikiria matamvua ya kikoi: kitambaa ni ukuta wa chembe, na matamvua ni nyuzi hizo za sukari. Kundi lako la damu linategemea kile kilichofungwa kwenye ncha ya matamvua. Hicho ndicho wanamaabara wanachokiita antijeni, yaani alama ambayo mwili huitambua kuwa yangu au ya mgeni.

Alama hizi hazijipachiki zenyewe. Hupachikwa na vimeng'enya, ambavyo wengi tunavijua kwa jina la enzaimu. Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi moja maalumu mwilini, tena kwa kasi, bila yenyewe kumalizika. Ukitafuna kipande cha mkate mkavu kwa muda mrefu utaanza kuhisi utamu, kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye mate kinavunja wanga kuwa sukari. Hicho ni kimeng'enya kinachovunja. Vya makundi ya damu ni vya kujenga: huchukua sukari mahali ilipo na kuifunga penye ncha ya uzi.

Kazi hufanywa na mafundi wawili, mmoja baada ya mwingine.

Fundi wa kwanza huandaa mahali. Huchukua sukari iitwayo fukosi na kuifunga kwenye ncha ya uzi. Uzi uliokwisha kufungwa fukosi huitwa antijeni H, na karibu kila binadamu anayo. Jeni inayotoa maagizo ya kumuunda fundi huyu iko kwenye kromosomu ya 19.

Fundi wa pili hukuta H iko tayari, akaongeza sukari moja tu. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9, na hapo ndipo watu wanapotofautiana. Kwa mtu wa kundi A, fundi huyu huongeza sukari iitwayo N-asetili-galaktosamini. Kwa mtu wa kundi B, huongeza galaktosi. Mtu wa AB ana mafundi wa aina zote mbili, kwa hiyo nyuzi nyingine zina alama ya A na nyingine ya B. Na mtu wa O? Kwake fundi wa pili hafanyi kazi kabisa. Nyuzi zinabaki na H peke yake, kama mlango ulioachwa bila nakshi.

Hilo la O linahitaji kushikwa vizuri, kwa sababu ndilo ufunguo wa ugomvi wote tulioanza nao. O si alama ya tatu iliyo sawa na A na B. O ni kukosekana kwa alama zote mbili.

Herufi moja iliyopotea

Mwaka 1990, Fumi-ichiro Yamamoto na wenzake huko Seattle, Marekani, waliisoma jeni hii na kuonyesha tofauti iko wapi hasa. Kimeng'enya cha A na cha B ni karibu kitu kimoja. Kila kimoja kimejengwa kwa asidi amino 354 zilizopangwa mstari mmoja, na kati ya hizo 354, zinazotofautisha A na B ni 4 tu. Hizo nne zinatosha kumfanya fundi achague sukari moja na kuiacha nyingine.

Cha O ni kisa kingine. Katika aina ya O iliyo ya kawaida zaidi, jeni imepoteza herufi moja tu ya maagizo. Mtu anaweza kudhani herufi moja haidhuru kitu. Lakini maagizo ya jeni husomwa herufi tatu tatu bila nafasi katikati. Chukua maneno HUU UJI WAO. Futa U moja, kisha usome tena tatu tatu: HUU JIW AO. Neno la kwanza limesalimika, yote yanayofuata hayana maana. Ndivyo inavyotokea kwenye jeni ya O. Kuanzia pale herufi ilipopotea maagizo huvurugika, kimeng'enya hukatika njiani kabla ya kukamilika, na kinachotoka hakiwezi kufunga sukari yoyote.

Mtu wa O si mgonjwa kwa ajili hiyo. Chembe zake zinafanya kazi sawasawa, na karibu nusu ya Wakenya ni watu wa kundi hili.

O inayojificha

Sasa turudi kwenye ndoa. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Maabara haisomi nakala hizo. Inapopima kundi la damu kwa njia ya kawaida, inaangalia tu ni sukari gani imeonekana juu ya chembe.

Mwenye nakala mbili za A atasomeka A. Mwenye nakala moja ya A na moja ya O pia atasomeka A, kwa sababu fundi mmoja wa A anatosha kuzifunga nyuzi. Ile O yake imenyamaza. Haionekani kwenye kadi, lakini ipo, na mtu anaweza kumrithisha mtoto wake. Mambo ni hayo hayo kwa mtu wa B.

Kwa hiyo mume wa A aliyebeba O iliyofichika, akimwoa mke wa B aliyebeba O iliyofichika, kila mimba ina nafasi nne zilizo sawa. Mtoto anaweza kupata A ya baba na B ya mama akawa AB. Anaweza kupata A ya baba na O ya mama akawa A. Anaweza kupata O ya baba na B ya mama akawa B. Au anaweza kupata O mbili, moja kila upande, akawa O. Ndugu wanne wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na makundi manne tofauti, na hakuna aliyeiba kitu cha mwenzake.

Hesabu hii ya urithi ilielezwa na mwanahisabati Mjerumani Felix Bernstein mwaka 1924. Kwa ufupi inasema hivi:

Wazazi O na O: watoto O.
Wazazi A na A: watoto A au O.
Wazazi B na B: watoto B au O.
Wazazi A na O: watoto A au O.
Wazazi B na O: watoto B au O.
Wazazi A na B: watoto A, B, AB au O.
Wazazi AB na O: watoto A au B.
Wazazi AB na A, AB na B, au AB na AB: watoto A, B au AB.

Angalia mstari wa wazazi AB na O. Hapo mtoto hafanani na mzazi hata mmoja kwa herufi. Mtu asiyejua hesabu hii angeweza kumkana mtoto wake wa halali kwa jambo ambalo ndilo hasa linalotarajiwa.

Vilevile na ile alama ya kujumlisha au kutoa inayofuata herufi. Hiyo ni Rh, na haihusiani na mafundi wa sukari tuliowaeleza. Antijeni ya Rh ni protini iliyopenya kwenye ukuta wa chembe, na maagizo yake yako kwenye kromosomu ya 1. Lakini nayo ina tabia ya kujificha. Wazazi wawili walio chanya wanaweza kila mmoja kubeba nakala moja isiyo na Rh, wakapata mtoto aliye hasi. Hilo nalo limewahi kuleta maneno yasiyo na msingi ndani ya nyumba.

Waislamu tuna kisa kinachofahamika, kimo katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza kama ana ngamia, na rangi zao ni zipi. Akajibu kwamba ni wekundu. Akamuuliza kama yumo mwenye rangi ya kijivu. Akasema yumo. Na huyo rangi yake katoa wapi? Bedui akasema huenda ni asili iliyomvuta. Akaambiwa huenda na mwanawe pia ni asili iliyomvuta. Hakuruhusiwa kumkana mtoto kwa kutofautiana sura tu. Mimi si sheikh, na hukumu za nasabu nawaachia wenye elimu yake. Nasema tu kwamba O iliyofichika kwa baba na kwa mama ni asili ya namna hiyo hiyo: ilikuwemo ukooni muda wote, ikaonekana siku zilipokutana mbili. Wazee wetu nao walisema kitanda hakizai haramu, na sheria yetu imemwekea mzigo mzito mtu anayemtuhumu mwanamke bila ushahidi. Herufi ya kadi ya kliniki si mashahidi wanne.

Pale ambapo hata hesabu hiyo haitoshi

Atatokea msomaji aseme: haya, nimeelewa, lakini kwangu mimi ni O, mke ni O, na mtoto ni B. Hapo je?

Kwa kawaida wazazi wawili wa O hawapati mtoto wa B. Hata hivyo, kabla mtu hajafungua mdomo kutamka neno ambalo halirudi, kuna mambo yanayopaswa kuangaliwa kwanza.

La kwanza ni makosa ya kawaida. Chupa za damu zinaweza kubadilishana, jina linaweza kuandikwa kwenye kadi ya mwingine, na wako watu wazima wengi wanaotaja kundi lao kwa kukumbuka walichoambiwa shuleni bila kupimwa tena.

La pili ni umri wa mtoto. Mafundi wa mtoto mchanga bado hawajamaliza kazi. Sukari za A na B kwenye chembe zake ni chache, na hufikia kiwango cha mtu mzima akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 4. Kwa hiyo kipimo cha siku za kwanza huweza kutoa jibu hafifu, na linafaa kurudiwa.

La tatu ni A dhaifu. Fundi wa A hana nguvu sawa kwa kila mtu. Mwenye kundi dogo liitwalo A2 ana alama chache kuliko mwenye A1, na ziko aina nyingine dhaifu zaidi ambazo kipimo cha haraka huweza kuzisoma kuwa O.

La nne ni nadra, lakini linatuhusu watu wa Pwani. Mwaka 1952, Y. M. Bhende na wenzake walieleza mjini Bombay, ambao leo ni Mumbai, juu ya watu ambao fundi wao wa kwanza, yule wa H, hafanyi kazi. Bila fukosi, fundi wa pili hana pa kufunga sukari yake, hata akiwa mzima wa afya. Mtu wa namna hii anaweza kuwa amebeba jeni nzima ya B lakini akasomeka O katika kipimo cha kawaida. Akimzalisha mke wa O, mtoto anaweza kutoka B, kwa sababu amepata kwa mama yake fundi wa H anayefanya kazi. Damu hii huitwa kundi la Bombay. Nchini India hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 10,000 hivi. Mombasa, Malindi na Lamu zina familia nyingi zilizotoka Gujarat, Kachchh na kwingineko Bara Hindi, kwa hiyo si la kulipuuza.

Tena kwa mtu wa Bombay hatari kubwa si maneno ya watu, ni hospitali. Mwili wake unaiona H kuwa ni ngeni, na H imejaa kwenye damu ya O. Akitiwa damu ya O ambayo kadi inaonyesha kuwa ndiyo yake, anaweza kufa. Anahitaji damu ya Bombay mwenzake.

La tano ni aina adimu ya kimeng'enya ambacho peke yake hufanya kazi ya A na ya B. Aina hii imeonekana zaidi Korea na Japani. Aliyenayo husomeka AB kutokana na nakala moja tu, na nakala ya pili ikiwa ni O, anaweza kupata mtoto wa O, jambo ambalo orodha niliyoiandika hapo juu inasema haliwezekani.

Na la mwisho, mtu aliyepandikizwa uboho wa mifupa kutoka kwa mtu wa kundi jingine hubadilika kundi la damu, kwa sababu chembe zake mpya zinatoka kwenye uboho wa aliyempa.

Kwa nini mwili hukataa

Ukiacha ugomvi wa ndoa, sababu ya kujua kundi lako ni uhai. Katika miezi ya mwanzo ya maisha, kwa kawaida kati ya mwezi wa 3 na wa 6, mtoto huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya sukari asizokuwa nazo. Wala si lazima awe amewahi kutiwa damu. Bakteria wanaoishi tumboni wana sukari zinazofanana na A na B, na mwili hujifunza kutokana nao. Mtu wa A ana kingamwili dhidi ya B. Wa B ana dhidi ya A. Wa O ana dhidi ya zote mbili. Wa AB hana hata moja.

Mtu wa O akitiwa chembe za A, kingamwili hizo huzivamia hapo hapo. Chembe hupasuka ndani ya mishipa, figo huweza kusimama, na mgonjwa huweza kupoteza maisha kwa damu iliyokusudiwa kumwokoa. Ndiyo maana muuguzi anayekuuliza jina lako mara ya pili kabla ya kufungua mfuko wa damu hakusumbui. Ndiyo maana pia maabara huilinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa kabla ya kuitia, hata kama herufi ni moja, kwani zaidi ya A, B, O na Rh iko mifumo mingine ya makundi ya damu zaidi ya 40.

Chembe za O hasi, kwa kuwa hazina A, B wala Rh, ndizo hutumika wakati wa dharura ambapo hakuna nafasi ya kupima. Watu wa aina hii ni wachache nchini kwetu, na mfuko mmoja wa damu yao si kitu cha kuchezewa.

Malaria na kipindupindu

Watu huuliza: kama O ni jeni iliyoharibika, mbona imeenea hivi? Sehemu ya jibu inaonekana karibu na hapa petu. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoko Kilifi tangu 1989 kimechunguza kwa miaka mingi kwa nini watoto wengine hupata malaria kali na wengine hawapati. Katika tafiti zake, kama katika za nchi nyingine za Afrika, watoto wa kundi O walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya malaria kali.

Sababu inarudi kwenye sukari zile zile. Chembe iliyoingiliwa na vimelea vya malaria hunata kwenye chembe nzima zinazoizunguka, zikawa kifungu kinachoziba mishipa midogo. Sukari za A na B humsaidia kimelea kunata. Kwenye chembe za O mshiko huwa hafifu. Hii haina maana kwamba mtu wa O hapati malaria. Anaipata, na chandarua kinamhusu kama kinavyomhusu mwenzake.

Na neema hii ina upande wa pili. Kipindupindu kikimpata mtu wa O, mara nyingi humwangusha vibaya zaidi kuliko watu wa makundi mengine. Kwa mji wa Pwani unaokunywa maji ya visima, hilo ni la kukumbuka kila mvua zinapoleta mafuriko.

Kahawa mbichi na damu

Kama vimeng'enya hufunga sukari, je, hakuna vya kuifungua? Vipo. Mwaka 1982, Jack Goldstein na wenzake mjini New York walieleza katika jarida la Science jinsi walivyochukua kimeng'enya kutoka kwenye buni mbichi za kahawa, wakakitumia kuikata galaktosi kwenye chembe za B. Zikabaki na H peke yake, yaani zikawa O, na wakazirudisha kwa usalama ndani ya miili ya watu waliojitolea. Muuza kahawa anayepita mtaani na dele lake huenda hajui kwamba buni zake, kabla hazijakaangwa, zina kitu kinachoweza kuibadilisha B kuwa O.

Kimeng'enya cha kahawa kilihitajika kwa wingi mno, na hakikuweza lolote kwa A. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Henrik Clausen wa Copenhagen lilieleza vimeng'enya vya bakteria vinavyofanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipata vingine kwa bakteria wa tumboni mwa binadamu, na 2024 wenzao wa Denmark na Sweden wakaeleza vya bakteria aitwaye Akkermansia muciniphila, ambaye chakula chake ni ute wa utumbo, ulio na sukari hizi hizi. Bado kazi hii haijaingia katika matumizi ya kawaida ya hospitali. Siku itakapoingia, benki ya damu iliyojaa A na kupungukiwa O itakuwa na njia ya kujisaidia.

Kadi yako itumie hivi

Kwanza, usiitumie kumhukumu mtu. Herufi zikilingana na hesabu, hazithibitishi kwamba mtoto ni wako, kwani wanaume wengi mtaani wana herufi kama yako. Zisipolingana, rudieni kipimo kwa wote watatu katika maabara nzuri, mueleze mtaalamu kuhusu asili ya familia, na mkihitaji jibu la nasabu, chombo chake ni kipimo cha DNA, tena baada ya kutulia na kushauriana na watu wazima wenye hekima. Mambo yakifika kwa Kadhi, afikishiwe ushahidi, asifikishiwe uvumi.

Pili, msiogope kuoana kwa sababu ya kundi moja. Mume na mke wa O, au wa A, hawana tatizo lolote kwa hilo. Linalopaswa kupimwa kabla ya ndoa ni selimundu, na hiyo ni jeni nyingine kabisa.

Tatu, mama mwenye Rh hasi amwambie mkunga mapema. Mtoto akiwa chanya, mwili wa mama huweza kujenga kingamwili zitakazoidhuru mimba inayofuata. Ipo sindano ya kuzuia, hutolewa katika wiki ya 28 ya mimba na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Nne, kama una umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito wako haupungui kilo 50 na una afya njema, nenda ukachangie damu. Watapima kundi lako bila malipo, na mama anayevuja damu wodini usiku wa leo hatauliza mafundi wako walifunga sukari gani, mradi iwe inayomfaa.